Fundi wa Kuchomoa Kebo

Siku nilipomshika mkono mzee wa watu mbele ya abiria wote, Kandida alikuwa mgongoni kwangu na alikuwa ameacha kulia. Mama mwenye mtoto wa selimundu anajua maana yake. Akilia bado ana nguvu. Akinyamaza, kimbia.

Lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Maji yalikuwa yameshameza barabara, kijiji chetu kimebaki kama kisahani kinachoelea bondeni, na njia pekee ya kufika Kivukoni, na kutoka Kivukoni kupanda bajaji hadi hospitali Ifakara, ilikuwa boti ya kijiji. Boti ilikuwepo. Injini ya kushoto ilikuwa inawaka. Fundi alikuwa ametoka tu kufunga alterneta mpya kabisa, bado inanuka boksi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama na mtoto mgongoni nikaweka mita kwenye betri. Volti kumi na nne nukta mbili. Umeme unaingia, tena unaingia vizuri.

"Fundi, inachaji," nikasema. "Twende."

"Ngoja nihakikishe."

Akaweka spana ya kumi kwenye kichwa cha betri.

"Fundi, usichomoe."

"Fomfoo, tulia."

"Nakuomba. Usichomoe kebo injini ikiwaka. Mita imeshasema."

"Mita inasema, mimi naona," akajibu, na abiria wakacheka kidogo, kwa sababu kila akisema kitu watu hucheka kidogo. Akachomoa.

Taa ya mbele ikawa nyeupe kama moto wa kuchomelea vyuma, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikafa. Fundi akaitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, si ya kuigiza, akasema, "Mnaona? Nayo imekufa. Siku hizi wanatuletea takataka."

Hapo ndipo nilipomdaka kifundo cha mkono, spana ikiwa bado mkononi mwake.

"Umeiua wewe! Mzee, umeiua wewe! Na zile nyingine zote umeziua wewe!"

Injini tu inagonga. Mwenyekiti wa kamati ya boti, aliyekuwa amesimama gatini na daftari lake kwapani, akasema, "Mama Kandida, huyo ni mzee. Mwombe radhi." Mama mmoja mwenye tenga la kuku akasema, "Kichaa cha uchungu, mwacheni." Mume wangu, ambaye ndiye nahodha, akaniangalia kama mtu anayeona nyumba yake inaungua na ndoo iko mbali.

Sikuomba radhi siku ile. Sijaomba hadi leo.

Sasa niseme huyu mtu ni nani, kwa sababu wanaomjua watasema namsingizia, na wasiomjua watadhani ni mjinga. Si mjinga. Angekuwa mjinga ningeshamsamehe zamani.

Karakana yake iko Ifakara, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, mahali ambapo pumba huingia hadi kwenye chai. Nilipokuwa kidato cha tatu nilipanga chumba nyumba ya jirani, na kila asubuhi nikienda shule nilimkuta ameinama juu ya injini ya mtu, bisibisi ndefu ameikandamiza kwenye chuma, mpini wake ameuweka sikioni. Ndivyo alivyosikiliza beringi. Wewe ungesikia ngurumo tu, yeye alikuwa anasikia habari. Mara moja lilipita trekta limebeba magunia kutoka kijiji cha Mbingu, halikusimama hata, yeye akiwa anakunywa chai akasema, "Huyo beringi ya nyuma ya alterneta, wiki mbili hazimaliziki." Siku ya kumi trekta likaletwa linavutwa. Dereva akauliza tatizo nini. Fundi akamwambia, "Ulipita hapa ukiwa na tatizo, ukarudi ukiwa na hasara."

Mkanda aliupima kwa dole gumba. Aliubonyeza katikati, anafumba macho kama anampima mtoto homa. Ukilegea unateleza na alterneta haizunguki sawasawa, ukikazwa mno unaila beringi. Nimetumia vipimo vya kila aina baada ya hapo na sijawahi kukuta dole gumba lake limekosea.

Na salamu! Hakumhudumia mtu asiyesalimia. Alikuja kijana mmoja wa Chita na pikapu yake, miwani ya jua usoni, akasema, "Oya mzee, vipi, gari haichaji." Fundi akaendelea kusugua tamino za betri. Kijana akarudia. Fundi akaendelea kusugua. Ikapita karibu saa nzima, kijana anazunguka, anapiga simu, anapiga teke tairi. Mwishowe akaja karibu, amevua miwani, akasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umefika lini?"

Tulicheka hadi machozi. Leo nikiikumbuka sicheki. Ndiyo karakana nilikolelewa: ukitaka kusikilizwa, kwanza ushuke chini. Na ukishashuka chini, kuna mambo huwezi tena kuyasema.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na jina langu likawa huko chini lilipokuwa, sikurudi kwetu. Nilikwenda karakana nikamwambia nataka kujifunza. Mafundi wengine walikuwa pale, mmoja akasema, "Huyu ataolewa na beringi." Fundi akachukua mkono wangu, akaugeuza, akatazama vidole.

"Vyembamba," akasema. "Vitafika nisipofika."

Akanipa jina la Fomfoo, yaani msomi wa form four, akanipa ovaroli lililonizidi, na kwa miaka mitatu akanifundisha kila alichokijua bila kunificha. Wenye karakana nyingine walikuwa wanakugeuzia mgongo wakifika mahali pa siri. Yeye alikuwa anakusogeza. "Njoo uone. Waya huu ukiwa na kutu ya kijani, usiguse kingine kwanza. Nusu ya alterneta zinazoitwa mbovu ni waya wa arthi uliooza." Aliyasema haya huku rozari na testa vikigongana kwenye mfuko mmoja wa kifuani. Boliti ikigoma, alitukana kwa Kipogoro, kisha akaishika rozari, kisha akatukana tena.

Nimesema alinifundisha kila alichokijua. Na lile la kuchomoa kebo alinifundisha pia.

Ukutani, chini ya bati, alikuwa na misumari mirefu, na kwenye kila msumari imetundikwa alterneta iliyokufa. Hakutupa hata moja. Kila moja ameiandika kwa chokaa: ya nani, na neno moja la hukumu. IMEUNGUA. IMEUNGUA. IMEUNGUA. Wateja waliutazama ukuta ule kama cheti. Mimi pia niliutazama hivyo mwanzoni.

Yeye alijifunza kazi enzi za dainamo, kabla ya alterneta, kwenye karakana ya misheni, akiwa kijana. Dainamo ukitaka kujua kama ni nzima, unawasha injini, unachomoa kebo ya betri, unatazama taa. Ikiendelea kuwaka, nzima. Ikizimika, mbovu. Sawa. Kwa vyombo vya wakati ule kipimo kile hakikuacha jeraha kubwa. Lakini alterneta si dainamo. Ndani yake kuna diodi, vidude vidogo kama vifungo vinavyogeuza umeme uweze kuingia kwenye betri, na kuna regyuleta ya kuuzuia usizidi. Betri ndiyo inayoupokea huo umeme. Uchomoe betri ghafla injini ikiwa inazunguka, umeme unakosa pa kwenda, unaruka juu, unaunguza vile vifungo. Taa inakuwa nyeupe, inakufa. Fundi anatazama taa iliyokufa, anasema alterneta ilikuwa mbovu. Na kweli, wakati anasema, ni mbovu.

Niliijuaje hii? Niliisoma. Kwenye boksi la alterneta kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, Kiingereza kitupu, na mstari mmoja kwa herufi nene: usitenganishe betri injini ikiwa inafanya kazi. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini mstari ule ulikuwa mfupi. Nikaenda nao.

"Shikamoo Fundi. Hapa wanasema tusichomoe betri injini ikiwaka."

"Nani anasema?"

"Waliotengeneza."

"Hao wamewahi kufika Ifakara?"

"Hapana, lakini..."

"Fomfoo, karatasi haishiki spana." Akaichukua, akaitazama kwa heshima kidogo kama mtu anavyotazama picha ya mgeni, kisha akafungia vipande vya muhogo wa kukaanga tulivyokuwa tunakula. Mafuta yakapita katikati ya mstari wangu.

Nikanyamaza. Andika hilo popote unapotaka kuliandika: nilinyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa msichana pekee kwenye karakana za mtaa mzima, na mtu pekee aliyenikubali ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba ukuta wake wa misumari ni ukuta wa makosa yake. Nikawa nampa spana ya kumi mkononi kila alipoitaka. Mkono huu. Nilipokuwa peke yangu nilipima kwa mita yangu, alipokuwepo nilimwacha achomoe. Kuna alterneta zilipona, maana nyingine ni ngumu kufa, na kila iliyopona ilinipa sababu ya kunyamaza wiki nyingine.

Jambo linalonitia wazimu ni sikio lake. Mtu anayesikia beringi ikilalamika kutoka barabarani, aliwezaje asinisikie mimi niliyekuwa nimesimama mita moja? Chuma kikisema kinaumwa alikisikiliza. Binti akisema, alitabasamu.

Baadaye niliolewa na nahodha, nikahamia kijijini ng'ambo, nikamzaa Kandida. Wiki hizo hizo kijiji kikapata boti: bodi pana, injini mbili za dizeli, betri moja kubwa inayowasha zote mbili, na pampu ya kutoa maji yanayoingia ndani. Kandida alipofikisha miezi tisa na vidole vyake vikavimba kama ndizi sukari, tukaambiwa ni selimundu, ugonjwa wa damu. Tangu siku ile boti ile kwangu si boti. Ni sehemu ya mwili wa mtoto wangu iliyoko nje.

Na ikawa kila ikigoma, anaitwa nani? Yeye. Hakuna mwingine anayeaminika. Na alikuwa anakuja! Hilo siwezi kumnyima, ingawa ningependa. Kuna Jumatatu ya Pasaka alikuja akiwa amevaa bado shati la kanisani, akateremka mahali ambapo mtumbwi haukuweza kupenya matete, akapita kwenye maji ya kiunoni na sanduku la spana kichwani, umri ule, kwa sababu aliambiwa boti ya wagonjwa haiwaki. Akakuta mkanda umelegea. Akaukaza kwa dole gumba. Akakuta waya wa arthi umeoza. Akaukata, akafunga mwingine. Kazi safi, kazi ya mtu anayejua. Boti ilikuwa imepona. Angefunga sanduku akaenda kula wali wa Pasaka, angekuwa malaika.

Akasema, "Ngoja nihakikishe."

Ndivyo zilivyokwenda. Anakuja, anaponya, kisha anahakikisha. Zikafa moja baada ya nyingine, za kushoto na za kulia, na kila ikifa alitafuta sababu, kwa kuwa yeye si mtu wa kukubali jambo bila sababu. Akaipata: nahodha. "Anapitisha boti kwenye matete, maji yanaruka kwenye injini, alterneta inakunywa." Akalisema mbele ya kamati kwa sauti yake ya upole. Mwenyekiti akaliandika. Mume wangu, ambaye huendesha ile boti kama amebeba mayai, akawa anatazamwa kijijini kama mlevi. Nyumbani niliwahi kumwambia ukweli. Akaniuliza, "Ulimwambia yeye?" Nikasema zamani, mara moja. Akasema, "Basi mwambie mara ya pili, mimi siwezi, atasema najitetea."

Mara ya pili ndiyo ile ya gatini, na kelele zangu.

Niendelee na siku ile. Dizeli haihitaji umeme ili iendelee kuwaka, ikishawaka imewaka. Na injini ya kulia, ambayo alterneta yake ilikufa mwezi mmoja kabla, tuliiwasha kwa nguvu iliyobaki kwenye betri. Mume wangu akasema tutakwenda bila kuzima hadi Kivukoni. Fundi akapanda pia, arudi mjini. Akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma. Pampu ilikuwa inatoa maji muda wote na inainyonya betri ile ile, na hakuna kinachorudisha.

Katikati ya bonde, magugu yakajisokota kwenye propela zote mbili. Huwezi kumtuma mtu mzima na panga chini ya maji propela zikizunguka. Mume wangu akazima injini zote mbili. Akazama, akakata, akatoka amechanika mikono. Akapiga stata.

Tk. Tk.

Akapiga tena. Tk.

Jua la saa sita. Kandida ameanza kutetemeka miguu, anauma khanga yangu, hasemi mama, hasemi maji, anaiuma tu. Abiria wakaanza kutoa maji kwa madumu yaliyokatwa. Nikamtazama Fundi. Alikuwa amegeuka, anamtazama mtoto.

"Sema basi," nikamwambia. "Sema ni matete."

Yule mama wa kuku akasema, "Jamani, tusali," na Fundi akatoa rozari, na mimi nikasema jambo ambalo sitaliandika.

Tulikaa pale hadi wavuvi wawili walipotuona, wakafunga kamba, wakatuvuta kwa mitumbwi yao wakipiga pondo, polepole, kama wanavuta mzoga wa kiboko. Hospitali walimpokea Kandida, wakamtundikia dripu, wakamtuliza maumivu, usiku akaomba chai. Yuko hai. Nalisema mapema ili usiendelee kusoma kwa hofu. Hofu ile niliimaliza mimi yote.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa. Uamuzi: boti isimame hadi masika yapite, kwa sababu nahodha anaunguza alterneta na kamati haiwezi kuendelea kununua. Kusimama masika! Boti ambayo kazi yake ni masika. Nikauliza mwenyekiti, mtoto wangu akishikwa tena?

"Mungu yupo, Mama Kandida."

"Najua yupo. Nauliza boti."

"Kama una malalamiko, lete kwa maandishi."

Alidhani amenifunga mdomo. Alisahau kwamba mimi ni Fomfoo.

Niliandika barua ya ukurasa na nusu. Kisha nikafanya kitu ambacho hata mume wangu alikishangaa: nikapanda mtumbwi wa wavuvi, nikaenda Ifakara kumsomea Fundi kabla sijaipeleka. Si kwa wema. Nilitaka aisikie kutoka mdomoni mwangu, aikose nafasi ya kusema hakuambiwa.

Nilimkuta peke yake. Chai imepoa, pumba zinaelea juu yake. Ukutani misumari kadhaa ilikuwa mitupu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Mtoto?"

"Anatembea."

"Kaa."

"Nitasimama. Nimeandika malalamiko juu yako. Nakusomea."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, majirani wa mashine za kukoboa wakachungulia. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba umeme uliruka ukaunguza diodi tatu za alterneta, akainua kidole.

"Sita."

"Nini?"

"Diodi kubwa ni sita, si tatu. Ukiandika tatu watapeleka kwa fundi mwingine, atacheka, na barua yako itakufa hapo hapo. Andika sita."

Nilimtazama. Sikujua nimpige au nicheke. Nikatoa kalamu, nikasahihisha. Nikaendelea. Nikafika kwenye mstari unaosema kwa njia hiyo Fundi ameharibu alterneta nne za boti ya kijiji.

"Tano," akasema.

"Ni nne. Nimehesabu."

"Ya kwanza hukuwepo, ulikuwa umelala uzazi. Iliyokuja na boti. Nilisema ni uzee." Akasogea pembeni, na hapo ndipo nilipoona kilichokuwa mezani nyuma yake: alterneta tano, zote zimeandikwa BOTI kwa chokaa, zimefunguliwa, matumbo nje. Diodi amezipanga juu ya gazeti, za kila moja kwenye mstari wake, na pembeni yake kulikuwa na mita. Mita mpya. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kununua mita. "Hiyo ya kwanza haikuwa na uzee wowote. Beringi zake hata leo ni za msichana."

Akaniwekea mkononi. Nikaizungusha. Haikutoa sauti.

"Andika tano," akasema.

Nikaandika tano. Niliikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka, kwa hasira, sitaki mtu adhani ni kitu kingine. Nilisubiri aseme samahani. Alichukua bisibisi, akaanza kutoa regyuleta nzima kwenye moja ili aiweke kwenye nyingine, na vidole vyake vilikuwa vinene kwa ile kazi, havifiki. Akatoa, akarudisha, akatoa. Mwishowe akanisogezea bisibisi bila kuniangalia.

Sijui kwa nini niliipokea. Labda kwa sababu maji yalikuwa bado yanapanda. Tulifanya kazi hadi jioni, na kutoka kwenye tano tukapata mbili nzima. Alipotaka kuzijaribu kwenye injini ya karakana, mkono wake ulikwenda wenyewe hadi kwenye kichwa cha betri, ukasimama pale. Akautazama. Akaurudisha mfukoni.

Samahani hakusema. Kesho yake nikagongewa mhuri na mtendaji wa kijiji. Niliyopeleka ni hii:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Boti ya Kijiji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUHARIBIWA KWA ALTERNETA ZA BOTI NA KUSIMAMISHWA KWA BOTI

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, mama wa mtoto mgonjwa anayetegemea boti kufika hospitali.

Nalalamika kwamba alterneta tano za boti hazikuharibiwa na nahodha, matete wala maji. Ziliharibiwa kwa kupimwa vibaya. Fundi huchomoa kebo ya betri injini ikiwaka, umeme unaruka na kuunguza diodi sita zilizo ndani, au regyuleta, au vyote. Nimeona kwa macho, na kwa mita.

Nalalamika pia dhidi yangu mwenyewe. Nililijua jambo hili tangu nikiwa mwanafunzi wake, nikalisema mara moja kwa adabu, kisha nikanyamaza, na nikawa nampa spana.

Nalalamika dhidi ya kamati, kwa kuandika kila alichosema mzee bila kumuuliza mtu mwingine hata mmoja.

Naomba yafuatayo. Boti irudishwe majini wiki hii. Alterneta mbili zimeundwa upya kutokana na zile tano, na ziko tayari kufungwa. Nahodha asafishwe jina mbele ya mkutano wa kijiji, kama alivyochafuliwa. Na juu ya kifuniko cha kila injini iandikwe kwa rangi nyekundu: USICHOMOE KEBO INJINI IKIWAKA, HATA KAMA WEWE NI NANI. Maandishi nitayachora mwenyewe.

Mama Kandida

Nakala: kwa Fundi, ambaye ameisoma kabla yenu na kusahihisha hesabu.